Magofu ya Wainka na Ziwa Titicaca: panga safari yako kwa mwinuko

Wengi wanaokwenda Peru hupanga safari kwa kufuata umaarufu: Machu Picchu kwanza, magofu mengine ya Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, yafuate, na ziwa liachiwe siku zitakazobaki. Mpangilio huo unapendeza kwenye vipeperushi vya mawakala, ila mwili una hesabu zake. Mji wa Cusco uko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Titicaca liko mita 3,812. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaikumbuka kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako wapandaji wengi huongeza usiku mmoja ili miili izoee hewa nyepesi. Uso wa Titicaca uko juu kuliko Horombo. Na Horombo unaifikia kwa miguu, siku ya pili, pole pole. Cusco unashushwa na ndege iliyoondoka Lima, mji wa pwani, kiasi cha saa moja na nusu kabla.

Kwa hiyo kanuni ni moja na ndiyo inayoongoza mengine yote humu: anza chini, panda taratibu, ziwa liwe la mwisho. Siku kumi zinatosha. Tisa zinawezekana ukiikata Machu Picchu, na najua kuna watakaonishangaa kwa kusema hivyo.

Hatua ya kwanza: daktari kabla ya wakala

Ukanda wetu una watu wengi wenye selimundu, na wengi zaidi wanaobeba kinasaba chake bila kujijua. Kwa mgonjwa wa selimundu, mwinuko wa namna hii ni hatari ya wazi. Hata yule anayebeba kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani hasumbuliwi na chochote, anaweza kuumizwa wengu akiwa juu sana: damu inashindwa kupita vizuri, sehemu ya wengu inakufa, na anasikia maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Miongozo mingi ya safari za Peru imeandikwa kwa wasomaji ambao jambo hili haliwagusi sana, ndiyo maana hulioni humo. Kapime damu ujue hali yako, kisha uongee na daktari kabla hujalipa hata senti. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mjamzito, nao waanzie hapo hapo.

Muulize daktari pia kuhusu dawa ya asetazolamidi, inayofahamika zaidi kwa jina la Diamox. Kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Inakojoza sana, inatia ganzi la kuchoma choma kwenye ncha za vidole, na inaharibu ladha ya soda. Hayo yasikutishe. Ila kama una mzio wa dawa za salfa, mwambie daktari mapema.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Peru ni miongoni mwa nchi zenye maambukizi ya homa hiyo, kwa sababu ya misitu yake ya Amazon, kwa hiyo utaulizwa kadi ukirudi nyumbani hata kama hukukanyaga msituni. Kuhusu viza, usiitazame ya Peru peke yake. Ukiunganisha ndege Marekani, wenye pasipoti zetu wanahitaji viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya uwanja. Wengi hupitia Addis Ababa na São Paulo, na hapo napo ulizia masharti ya Brazil kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya pili: chagua mwezi

Kiangazi cha Andes ni Mei hadi Oktoba. Anga huwa safi, njia kavu, na usiku ni wa baridi kali. Puno, mji ulio kando ya Ziwa Titicaca, mwezi Juni na Julai maji huganda nje. Masika ni kuanzia Novemba hadi Machi, na Januari na Februari mvua hushika kweli kweli. Tarehe 24 Juni Cusco inaadhimisha Inti Raymi, sikukuu ya Jua, na bei za vyumba hupaa. Mwanzoni mwa Februari Puno ina sherehe za Candelaria, ngoma na mavazi usiku na mchana. Kama unapenda ngoma kuliko magofu, vumilia mvua uende wakati huo.

Mimi ningekwenda Mei au Septemba. Hakuna zaidi ya kusema hapo.

Hatua ya tatu: tua Cusco, usilale Cusco

Hili ndilo watu hulikosea. Ndege inatua asubuhi, mtu anaingia hotelini katikati ya mji, anaacha begi, anatoka kwenda kuona mraba mkuu, na jioni kichwa kinagonga. Panga gari likupokee uwanjani na kukuteremsha moja kwa moja hadi Bonde Takatifu la Mto Urubamba. Ollantaytambo iko mita 2,800 hivi. Tofauti ya mita 600 na Cusco inasikika usiku wa kwanza, ukiweza kulala.

Siku hiyo usifanye kitu. Kunywa maji, kula supu, lala mapema. Utaletewa chai ya majani ya koka kila mahali. Ni halali Peru na wenyeji huinywa kama sisi tunavyokunywa chai ya tangawizi. Jua tu kwamba inaweza kuonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya, kwa hiyo mwanamichezo au mfanyakazi anayepimwa kazini aiache. Pombe nayo iache siku mbili tatu za mwanzo.

Kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida: pumzika, usipande juu zaidi mpaka yaishe. Mtu akianza kuyumba anapotembea, akichanganyikiwa maneno, akihema akiwa amekaa, au akikohoa povu, hapo hakuna kungoja kesho. Ateremshwe chini saa ile ile na apewe oksijeni.

Hatua ya nne: tiketi na mwongoza watalii

Magofu mengi ya eneo la Cusco yamewekwa kwenye tiketi moja ya pamoja iitwayo Boleto Turístico. Inafunika sehemu 16, zikiwemo Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray. Kwa miaka mingi mgeni mtu mzima amelipa soli (fedha ya Peru) 130 kwa tiketi kamili ya siku 10. Zipo pia tiketi nusu za soli 70, lakini za Bonde Takatifu zinadumu siku mbili tu, na ukiwa na mpango wa kwenda polepole kama huu, utajikuta unakimbizana na tarehe. Nunua kamili. Machu Picchu haimo, Qorikancha haimo, mashamba ya chumvi ya Maras hayamo, Raqchi haimo. Kila pahali hapo pana kiingilio chake.

Beba fedha taslimu za soli, noti ndogo ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa, na hakuna ubishi utakaokusaidia. Vyoo vya njiani ni vya kulipia, mara nyingi soli moja, na karatasi uwe na yako.

Sasa mwongoza watalii. Peru ina waongozaji waliosomea na kusajiliwa, wenye kitambulisho. Omba kukiona, anayekasirika kuombwa, achana naye. Wengi huongoza kwa Kihispania na Kiingereza. Kama kundi lenu ni la watu wanne au zaidi, kodini wa kwenu peke yenu, maana makundi ya kuchanganywa hukimbizwa: dakika arobaini kwenye gofu, saa nzima kwenye duka la sweta za sufu ya alpaka, mnyama wa kufugwa wa huko. Mwambieni tangu mwanzo kwamba hamtaki maduka.

Kuna kipimo kimoja cha kumjua mzuri. Muulize: hili ni la Wainka? Dola la Wainka lenyewe halikudumu sana. Lilipanuka kwa kasi kuanzia enzi ya Pachacuti, kiasi cha mwaka 1438, na Wahispania wakamkamata mfalme wao, Atahualpa, kule Cajamarca mwaka 1532. Hiyo ni chini ya karne moja. Kabla yao kulikuwa na watu wengine waliojenga pia: Pikillacta, karibu na Cusco, ni mji wa Wawari, Pukara, upande wa ziwani, ni ya zamani zaidi. Mwongozaji anayeita kila jiwe la Wainka anakuuzia hadithi. Anayesema "hapa walikuta ukuta, wakajenga juu yake" anakustahili.

Hatua ya tano: Ollantaytambo, halafu bonde lote

Siku ya pili nenda kwenye magofu ya Ollantaytambo mlango unapofunguliwa asubuhi, kabla mabasi ya Cusco hayajafika. Ngazi za matuta ni ndefu. Panda kumi, simama, vuta pumzi, panda kumi nyingine. Juu utakuta ukuta wa mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, yamesimamishwa wima, lililo refu zaidi likipita kimo cha watu wawili. Sogea karibu. Kati ya jiwe na jiwe kumewekwa kibanzi chembamba cha jiwe, kimekatwa kikakaa sawasawa bila chokaa wala saruji. Kwenye uso wa mojawapo kuna umbo la ngazi lililochongwa, limefifia. Ukifika jua likiwa bado la ubavuni linaonekana vizuri, na adhuhuri linapotea. Mawe mengine yaliyolala chini yana mfuo wenye umbo la herufi T, palipokusudiwa kufungwa jiwe moja na jingine.

Mawe hayo hayakutoka hapo. Geuka uangalie ng'ambo ya mto: machimbo ya Kachiqhata yako juu ya mlima ule, kilomita kadhaa, na njiani bado yamelala mawe ambayo hayakufika. Wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Mwombe mwongozaji akuonyeshe njia yenyewe kwa kidole, kwa sababu ukishaiona ukubwa wa kazi unakuingia bila takwimu.

Ni hapa pia ambapo Manco Inca, mfalme wa Wainka, alimshinda Hernando Pizarro, kamanda wa Wahispania, mwaka 1537. Aliwashambulia kutoka juu ya matuta na kufungulia maji ya mto yakafurika uwanda ambao farasi wa Wahispania walikuwa wakiutegemea. Baadaye alirudi nyuma hadi Vilcabamba, msituni, lakini siku ile ushindi ulikuwa wake. Waongozaji wengi huipita habari hii haraka. Muombe asiipite.

Jioni, badala ya kurudi hotelini, tembea kwenye vichochoro vya mji. Bado watu wanaishi ndani ya mpangilio wa Wainka, na maji yanapita kwenye mifereji ya mawe pembeni mwa njia. Ng'ambo, kwenye mlima Pinkuylluna, kuna maghala ya zamani yasiyo na kiingilio. Njia yake ni mbaya, viatu viwe na meno.

Siku ya tatu kodi teksi ya kutwa kwa Moray na Maras. Moray ni matuta ya duara yaliyoshuka ardhini kama bakuli. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba joto hutofautiana kutoka tuta hadi tuta, hivyo palifaa kujaribia mazao. Maras ni maelfu ya vidimbwi vya chumvi vya familia za kijiji, na siku hizi hauruhusiwi kutembea katikati yake, unatazama kutoka juu. Saa moja kila mahali inatosha.

Machu Picchu, kama umeamua kwenda, iweke siku ya nne, kwa treni kutoka Ollantaytambo. Iko mita 2,430 tu, kwa hiyo mwili utaishukuru. Tiketi yake ina tarehe, saa na njia utakayopita ndani, na kiangazi huisha wiki nyingi kabla. Pasipoti halisi, si nakala. Ni mahali pazuri kama wanavyosema, na ni mahali pa foleni kama wasivyosema.

Siku ya tano rudi Cusco kupitia Pisac. Mwambie dereva akufikishe lango la juu, kisha ushuke kwa miguu hadi kijijini: matuta yako kulia na kushoto, na kwenye jabali la upande wa pili utaona matundu mengi meusi. Ni makaburi, yaliyofukuliwa na wezi. Wanaopanda kutoka chini hufika wameishiwa pumzi na hawaoni kitu.

Hatua ya sita: Cusco, ukiwa umeshazoea

Sasa unaweza kulala Cusco bila taabu. Siku moja na nusu inatosha kwa magofu.

Panda Sacsayhuamán kwa teksi, rudi kwa miguu. Kuta tatu zimejengwa kwa kupinda pinda kama meno ya msumeno, na jiwe kubwa kuliko yote linakadiriwa kuzidi tani 100. Unachokiona ni masalio: Wahispania walibomoa mawe ya ukubwa wa kubebeka na kujengea makanisa na nyumba zao mjini. Mwaka 1536, Wainka walipouzingira mji, Juan Pizarro, ndugu wa Hernando, aliuawa katika vita vya ngome hii.

Qorikancha lilikuwa hekalu kuu la Jua. Wadominika walijenga nyumba yao ya watawa juu yake. Tetemeko la Mei 1950 lilipobomoa sehemu ya ujenzi wa Wahispania, kuta za Wainka zilizokuwa zimefichwa zilionekana tena. Simama pale chini barabarani utazame ukuta wa mviringo, mweusi, laini, na kanisa limeukalia juu. Ungeweza kukaa hapo nusu saa bila mwongozaji kusema neno.

Hapa pia ndipo mahali pa kujipima kwa ajili ya ziwa. Ikiwa baada ya usiku mbili za Cusco bado hulali, huli na kichwa hakiachi kuuma, usiende Puno. Chukua teksi kwenda Ziwa Huaypo, karibu na Chinchero, mita 3,500 hivi, ukapige picha zako za milima yenye theluji majini, urudi kulala bondeni. Hakuna atakayekudai cheti cha Titicaca.

Hatua ya saba: kwenda Puno kwa basi la mchana

Ndege ipo, mabasi ya usiku yapo. Chukua basi la watalii la mchana, linalosimama njiani na lina mwongozaji wake. Huondoka mapema na kufika jioni. Tiketi zinaandikwa kwa saa ishirini na nne: 07:00 ni saa moja asubuhi, na wapo waliokuja saa saba mchana. Kabla ya kulipa ulizia hali ya barabara, maana wananchi wa Puno wakiwa na jambo na serikali hufunga barabara, na zikifungwa zimefungwa.

Kituo cha maana ni Raqchi. Hapo kuna masalio ya hekalu la Wiracocha, mungu wa Wainka, jengo lililokuwa na urefu wa kama mita 90. Ukuta wa kati ndio uliobaki, mrefu kwenda juu: chini ni mawe ya Wainka yaliyochongwa, juu ni udongo mtupu wa matofali mabichi, na siku hizi umewekewa kipaa cha vigae ili mvua isiumalize. Nyuma kuna maghala ya duara, zaidi ya mia moja, yamepangwa kwa mistari. Tukizoea kuambiwa kwamba Wainka ni mawe makubwa, Raqchi inatukumbusha kwamba dola lile lilisimama kwa nafaka iliyohifadhiwa. Basi hutoa dakika chache. Nenda kwenye maghala kwanza, ukuta utauona tu.

Baadaye mnavuka La Raya, mita 4,300 na ushei, sehemu ya juu kuliko zote katika safari hii. Basi litasimama, wauza sweta watakuja. Shuka taratibu, piga picha, rudi kukaa. Anayekimbilia lama, ndugu wa alpaka, hapo atajuta kabla ya chakula cha jioni. Ukimpiga picha mama mwenye alpaka aliyepambwa, atataka soli kadhaa, na ni haki yake, muulize kwanza.

Hatua ya nane: ziwani

Titicaca ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,300 hivi, imegawanywa kati ya Peru na Bolivia, na kina chake kinafika mita 280. Maji ni ya baridi mwaka mzima. Jua lake ni kali kupita linavyohisiwa, kwa sababu upepo unapoza ngozi huku mionzi ikiendelea. Ngozi nyeusi nayo huungua. Paka losheni usoni, masikioni na midomoni, vaa kofia, na uwe na koti ndani ya boti hata kama asubuhi ni nzuri.

Bandarini Puno utapigiwa kelele na wauza safari za nusu siku kwenda visiwa vya Uros. Safari hiyo peke yake naiona fupi mno. Chukua ya siku mbili: Uros asubuhi, kulala Amantaní, kesho yake Taquile, jioni Puno.

Uros ni visiwa vilivyotengenezwa na watu kwa matete yanayoitwa totora. Mtakaribishwa kwa Kiaymara, "Kamisaraki", nanyi mjibu "Waliki". Halafu mwenyeji atawaonyesha ujenzi. Mizizi ya totora hukatwa mabonge makubwa, yanaelea yenyewe. Mabonge yanafungwa pamoja kwa kamba, juu yanatandazwa matete yaliyokatwa, safu moja ikilala hivi na ya juu yake ikikatisha, na kisiwa kizima kinafungwa kwenye nguzo zilizochomekwa chini ya ziwa kisichukuliwe na upepo. Matete ya chini yanaoza, kwa hiyo ya juu huongezwa kila mara. Ukikanyaga, mguu unadidimia kidogo na harufu ya majani mabichi na unyevu inapanda. Shina jeupe la totora huliwa. Ukipewa, tafuna, lina maji mengi na ladha hafifu.

Je, ni maigizo? Kiasi, ndiyo. Familia nyingi za visiwa hivyo hutegemea wageni, na ule mtumbwi mkubwa wa matete mtakaoombwa kupanda una nauli ya ziada ambayo mara nyingi haisemwi mwanzoni. Uliza bei kabla ya kupanda. Ukitaka kuwaunga mkono, nunua kitu cha mkono kutoka kwa aliyekitengeneza, na kubishana bei hadi ya chini kabisa huko sioni kama ni ushindi.

Amantaní hakuna hoteli za kusifia; mnagawanywa kwa familia, kwa zamu. Pelekeni zawadi ya matumizi: mchele, sukari, mafuta ya kula, matunda. Pipi za watoto waachieni maduka. Chakula ni supu ya kwinoa, viazi vya aina aina, jibini la kukaangwa. Mwislamu hatapata shida, lakini aseme mapema "sin cerdo", yaani asiwekewe nguruwe. Jioni wageni hupanda vilima vya Pachatata na Pachamama kutazama machweo, zaidi ya mita 4,000, na usiku baridi inashuka kwa kishindo. Blanketi watakupa nne, nzito. Tochi iwe karibu, choo kiko nje.

Taquile wanazungumza Kikechua, na wanaume ndio wanaofuma kofia, wanafuma hata wakitembea. Kofia yenye sehemu nyeupe juu ni ya kapera, nyekundu tupu ni ya mwenye ndoa. UNESCO ilitangaza ufumaji huo kuwa urithi mwaka 2005. Boti zikiwashusha kwenye gati la ngazi, jueni ngazi hizo zinazidi 500. Bora mwombe kushushwa upande mwingine wenye njia ya mteremko mpole. Mchana mtapewa samaki aina ya trauti. Si wa asili ya ziwa: aliletwa kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 20 na akawamaliza wengi wa samaki wadogo waliokuwamo. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa waliomwona sangara hawahitaji maelezo zaidi.

Mwenye siku mbili za ziada na viza ya Bolivia anaweza kuendelea hadi Copacabana, na kutoka hapo kwa boti hadi Isla del Sol. Ndicho kisiwa ambacho masimulizi ya Wainka yanasema Manco Cápac, Inka wa kwanza, na mkewe Mama Ocllo walitokea kabla ya kwenda kuanzisha Cusco. Magofu ya Pilkokaina yako huko, juu ya maji kabisa. Saa ya Bolivia imetangulia ya Peru kwa saa moja, boti haitakungoja.

Hatua ya tisa: Sillustani na kuondoka

Uwanja wa ndege hauko Puno, uko Juliaca, mwendo wa saa moja hivi. Sillustani iko upande huo huo, kwa hiyo panga gari likupitishe huko na mabegi yako kisha likufikishe uwanjani. Ni minara ya mawe ya kuzikia wakubwa wa Wakolla, watu waliotawala hapa kabla ya kutiishwa na Wainka, iliyosimama kwenye rasi ya Ziwa Umayo. Mnara mrefu una kama mita 12 na umebomoka nusu, ndiyo bahati yenyewe: unaona ndani yake ulivyojazwa. Tafuta mjusi aliyechongwa kwenye jiwe lake. Kila mnara una kijimlango kidogo chini, upande wa mashariki, na kwenye mmoja ambao haukumalizika bado ipo njia ya mteremko iliyotumika kupandishia mawe. Hapo utaweza kumuuliza mwongozaji swali lile lile la mwanzo, nani alijenga, na jibu lina mabishano ya kweli, maana baadhi ya minara ni ya Wakolla na ustadi wa mawe yake ni wa wakati wa Wainka.

Acha saa tatu kamili kabla ya ndege, kwa sababu msongamano wa Juliaca hauna ratiba. Na kabla hujafunga begi, kung'uta mifuko yote ya koti na suruali: jani la koka, pakiti ya chai yake, hata pipi zake, vyote viache Peru. Unapobadilisha ndege na unapofika nyumbani ni dawa ya kulevya mbele ya sheria. Kadi ya homa ya manjano irudishe kwenye pasipoti.